Curtis Mayfield peke yake: nani aliisikia vizuri albamu ya 1970?

Mwimbaji akijitoa kwenye kundi lililompa jina, mashabiki huuliza jambo moja kwanza: ataweza bila wenzake? Waliulizwa hivyo David Ruffin, Diana Ross, Eddie Kendricks na Teddy Pendergrass, na jibu likatafutwa kwenye mauzo. Akiuza, ameweza. Asipouza, basi siku zote alikuwa anabebwa. Mimi naliona swali hilo ni bovu, na albamu inayouweka wazi ubovu wake ni "Curtis", aliyoitoa Curtis Mayfield, mwimbaji wa soul wa Chicago, Septemba 1970 baada ya miaka kumi na kitu ndani ya kundi la The Impressions. Iliuza, tena vizuri. Ila mauzo hayakwambii alichokifanya humo ndani, wala hayakwambii kwa nini Wamarekani Weusi waliielewa mapema kuliko baadhi ya watu waliokuwa wakilipwa kuielewa.

Swali langu ni lingine. Kundi la waimbaji ni mgawanyo wa kazi: huyu anaanzisha, yule anaitikia, wa tatu anashika sauti ya chini. Mmoja akiondoka na nyimbo zake, nyimbo hizo zinabaki na mapengo pale wenzake walipozoea kuingia. Amezijaza kwa nini? Ukilijibu hilo, utajua kama unamsikiliza msanii au unasikiliza mabaki ya kundi.

Historia ya The Impressions yenyewe ilianza na ugomvi wa jina. Mwaka 1958 vijana hao wa Chicago walitoa "For Your Precious Love", na aliyeongoza sauti alikuwa Jerry Butler, rafiki wa Mayfield tangu wakiimba injili pamoja. Santuri ilipotoka, kampuni ilikuwa imeandika juu yake "Jerry Butler and the Impressions". Walioingia studio kama kundi wakajikuta mmoja wao amekuwa mwenye nyumba na waliobaki ni wapangaji. Butler akaondoka muda si mrefu baadaye. Mayfield, aliyezaliwa Juni 1942 na ambaye wakati huo alikuwa bado na umri wa kwenda shule, akaenda kumpigia gitaa Butler huyohuyo, akamwandikia nyimbo, kisha akalirudisha kundi studio akiwa yeye ndiye kiongozi wa sauti. "Gypsy Woman" ikafanya vizuri mwaka 1961. Kundi likapungua hadi kubaki watu watatu: Mayfield, Fred Cash na Sam Gooden.

Hao watatu ndio waliotengeneza ile sauti iliyofika hadi Jamaika na kuwafunza Bob Marley na wenzake namna ya kuimba kwa pamoja. Iweke "It's All Right" ya 1963 uisikilize kwa makini. Mayfield anauanza mstari, Cash na Gooden wanamdaka kabla hajaumaliza, mara wote watatu wamo ndani ya neno moja, mara mmoja anachomoza na kipande chake kisha anarudi ndani. Ni utaratibu wa kanisani. Bibi yake Mayfield alikuwa mhubiri wa kanisa dogo huko Chicago, na mtoto alikulia kwenye ibada ambako hakuna anayesema jambo bila kuitikiwa. Sauti yake ni nyembamba, ya juu, na haina papara. Gitaa alijifundisha mwenyewe, akilipanga nyuzi kwa kufuata vitufe vyeusi vya piano, jambo lililowatatiza wapigaji wengi waliotaka kumwigiza.

Kwa sauti hiyo ya watu watatu akaandika "Keep On Pushing" mwaka 1964, "People Get Ready" mwaka 1965, kisha "We're a Winner" iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye chati ya R&B, yaani ya muziki wa Wamarekani Weusi, mwanzoni mwa 1968. Hizi zilikuwa nyimbo za watu waliokuwa wakiandamana. Zilifaa maandamano kwa sababu ya jinsi zilivyoimbwa: ukisikia watu watatu wanakubaliana kwenye kiitikio, unajiona umeshahesabiwa kuwa wa nne. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo lililompa shida mwaka 1970. Ujumbe aliokuwa nao bado ulikuwa wa umma, lakini sauti za umma alikuwa ameziacha nyuma.

Kwa nini basi aliondoka? Hakufukuzwa, hakugombana, wala hakuna kampuni iliyomnyofoa kundini ili imuuze kwa bei nzuri zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana kabisa, alikuwa na kampuni yake ya kusimamia hakimiliki za nyimbo zake, wakati wasanii wengi Weusi wa umri wake walikuwa wakiuza tungo zao kwa fedha za nauli. Mwaka 1968, pamoja na meneja wake Eddie Thomas, akaanzisha lebo ya Curtom. Kwa hiyo 1970 alikuwa mwandishi, mpiga gitaa, prodyuza na mwenye lebo, huku akizunguka na kundi linaloimba usiku hadi usiku. Alipoacha kuzunguka, Leroy Hutson akachukua nafasi yake, na The Impressions wakaendelea kurekodi hapohapo Curtom, wakati mwingine yeye mwenyewe akiwa prodyuza wao.

Na kulikuwa na Chicago yenyewe. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, na mitaa ya magharibi ya jiji ikaungua. Desemba 4, 1969 polisi walivamia nyumba alfajiri na kumuua Fred Hampton, kijana wa miaka 21 aliyeongoza Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi, katika jimbo la Illinois. Mtu aliyewahi kuwaimbia watu hawa kwamba wasukume mbele hakuweza kurudi kwao na maneno yaleyale kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana albamu inafunguka kama inavyofunguka, kwa "(Don't Worry) If There's a Hell Below, We're All Going to Go". Besi iliyokwaruzwa kwa makusudi inaunguruma. Sauti ya mwanamke inasema na kusema, ikitaja Kitabu cha Ufunuo. Kisha Mayfield, mpole wa miaka yote, anapaza sauti yenye mwangwi mkali, anawaita watu wa kila rangi kwa majina ambayo mengine ni matusi ya mtaani, na kuwaambia kwamba kama kuna jehanamu huko chini, wote wanakwenda. Ndipo ngoma zinaingia. Anapoanza kuimba anarudi kwenye ile sauti laini, na kwa sauti hiyo anawaorodhesha weupe na weusi, polisi na wanaowaunga mkono, akiwaita wote waigizaji wa siasa. Anamtaja Nixon kwa jina, rais aliyekuwa madarakani, akiwaambia watu wasiwe na wasiwasi.

Ninachokisikia hapo ni pengo la Cash na Gooden. Mahali ambapo miaka mitano kabla wangeitikia "amina", sasa kinaitikia chombo. Mayfield anamaliza mstari, konga zinajibu. Anamaliza mwingine, shaba zinapiga kelele, na violini zinapanda juu kama watu waliotishika. Anasema jambo zito, na hakuna binadamu studio anayemkubalia. Wapangaji wa muziki, Riley Hampton na Gary Slabo, walipewa okestra nzima, lakini haikutumika kama pambo, ilivyozoeleka kwenye soul ya wakati ule. Inabishana naye, inamhimiza, na mahali pengine inamwacha peke yake makusudi.

"The Other Side of Town" inakwenda mbali zaidi katika upweke huo. Anajivika nafsi ya mtu wa upande wa pili wa mji: dada mdogo ana njaa, viatu vya kurithi vya kaka vimepasuka hadi miguu inaonekana. Hakuna kiitikio cha kumfariji. Kuna kinubi, kuna shaba zinazoingia ghafla na kukatika, na kuna sauti nyembamba isiyoomba huruma. Wimbo huu ungeimbwa na kundi ungekuwa uongo, kwa sababu mtu huyo hana anayemwitikia.

Halafu "We the People Who Are Darker Than Blue", ambao kwangu ndio moyo wa albamu. Unaanza polepole mno, karibu wa maombolezo, akizungumza na watu wake mwenyewe. Anawaambia yale ambayo nyimbo za maandamano zilikwepa: kwamba wanauzana, wanadharauliana, wanapimana kwa weupe wa ngozi. Kuna mstari anamgeukia binti wa rangi ya maji ya kunde na kumwambia kuwa yeye ni uso tu wa juu wa kisima chao kirefu cheusi. Anauliza kama watajiangamiza wao kwa wao kabla ya kuzichunguza akili zao, na kwa maneno hayo anarudia jina la wimbo wa The Impressions wa mwaka huohuo, "Check Out Your Mind". Amelibeba neno la kundi, amelipeleka mahali ambapo kundi lisingefika. Katikati, wimbo unakatika. Ngoma zinalipuka, mwendo unageuka kabisa, mwili unataka kucheza. Kisha unarudi kwenye ule upole wa mwanzo, na yeye anaendelea alipoishia. Katika soul ya kabla yake sijui wimbo uliojengwa hivi.

Na kuna "Move On Up". Kila mtu anaijua, hata asiyejua ni ya nani, kwa sababu Kanye West alichukua zile tarumbeta mwaka 2005 akajengea "Touch the Sky". Kwenye albamu wimbo unakaribia dakika 9. Mayfield anamtuliza mtoto asilie, anamwambia safari ni ngumu lakini apande, na anapomaliza kusema hayo, ananyamaza. Bendi inaendelea. Konga na ngoma zinashika usukani, saksofoni inapita, shaba zinarudi na kuondoka, dakika baada ya dakika. Fikiria: hii ndiyo albamu ya kumtambulisha mwimbaji kama mwimbaji, na katika wimbo wake mkubwa kuliko yote, karibu nusu ya muda hayupo. Nani mwingine, akiwa na hofu ya kuulizwa kama ataweza peke yake, angethubutu? Aliwapa wapigaji nafasi ambayo zamani ilikuwa ya waimbaji wenzake, na akawaamini nayo.

Si kila wimbo una kimo hicho. "Wild and Free" inapita bila kuacha alama. "Give It Up", inayofunga albamu kwa habari ya mapenzi yaliyokwisha, ni wimbo mzuri wa 1966 uliochelewa kutoka. "Miss Black America" nauelewa ulikotoka: shindano la jina hilo lilianza mwaka 1968 huko Atlantic City, siku zile jukwaa la Miss America halikuwa na nafasi kwa msichana Mweusi, na kumsifu lilikuwa tendo la kisiasa. Hata hivyo humo ndani mwanamke anatazamwa zaidi ya anavyosikilizwa, na mtu aliyeweza kuandika "The Other Side of Town" alikuwa na uwezo wa kumpa maneno yake mwenyewe. "The Makings of You" ni habari nyingine. Ni wimbo mfupi wa mapenzi, laini kama hariri, na ulistahili kuwekwa pale kwenye upande wa kwanza, katikati ya nyimbo mbili nzito, ili msikilizaji apumue.

Albamu ilipokewaje? Kwenye chati ya albamu za soul ya jarida la Billboard ilishika nafasi ya kwanza kwa jumla ya wiki tano. Kwenye chati ya jumla ilifika nafasi ya 19. Wimbo wa jehanamu, ambao ndio uliotolewa kama singo, ulifika nafasi ya 3 kwenye R&B na ya 29 kwenye chati ya jumla. Hizo ni takwimu nzuri kwa albamu inayoanza kwa kuwatukana wasikilizaji wake wote. Na pengo kati ya chati hizo mbili linasema jambo. Mnunuzi Mweusi hakuhitaji kuzoezwa. Alikuwa amemsikia mtu huyu akifikiri kwa sauti tangu "Keep On Pushing", akajua kwamba hasira hii imetoka kwa mtu mvumilivu, na akaipa uzito wake.

Wahakiki walikuwa na mzigo mwingine. Robert Christgau, mmoja wa wahakiki wenye sauti kubwa New York, aliandika kwamba mwanzoni alizitilia shaka nyimbo hizi, akiziona kama mafunzo ya kujivunia weusi yasiyo na kina. Akaja kuzisikiliza tena kwa sababu aliona watu Weusi wengi wanaziheshimu, na akafurahi kwamba alirudi. Namheshimu kwa kulisema hilo wazi. Lakini angalia lilivyotokea: wasikilizaji ndio waliomfundisha mhakiki. Shaka yake ilitokana na kuchukulia kwamba ujumbe ni kitu kilichobandikwa juu ya muziki, kana kwamba Mayfield alikuwa msanii wa mapenzi aliyeamua kuhubiri baada ya kuondoka kundini. Aliyeifuatilia The Impressions alijua kwamba mahubiri yalikuwepo miaka sita kabla. Kilichobadilika ni kwamba zamani yalifika yakiwa yamefunikwa na sauti tatu zinazopendana, na sasa yamekuja bila kifuniko.

Chati nazo zilikosea, kwa namna yao. "Move On Up" haikuwa singo iliyopasua Marekani. Huko Uingereza, ikiwa imekatwa ikawa fupi, ilifika nafasi ya 12 mwaka 1971. Leo ndiyo inayobeba jina la albamu nzima. Anayepima mapokezi ya albamu kwa miezi sita ya kwanza angeandika kwamba wimbo mkubwa ni ule wa jehanamu, na angekuwa na ushahidi wote mkononi.

Sasa waweke wenzake kando yake. Septemba hiyohiyo ya 1970, wimbo uliokuwa namba moja Marekani ulikuwa "Ain't No Mountain High Enough" wa Diana Ross, kutoka albamu yake ya kwanza ya kujitegemea. Ni wimbo mkubwa, na Nickolas Ashford na Valerie Simpson waliuandaa kwa ustadi wa ajabu. Lakini pengo la wenzake lilishazibwa na kampuni kabla hajaondoka. Motown, kampuni yao ya rekodi, ilibadilisha jina la kundi likawa "Diana Ross & the Supremes" mwaka 1967, na katika "Someday We'll Be Together", singo ya mwisho yenye jina hilo, sauti za nyuma hazikuwa za wenzake Mary Wilson wala Cindy Birdsong; zilikuwa za waimbaji wa kukodiwa. Kwa hiyo albamu ya Ross haikuwa na pengo la kujaza. Ilikuwa hatua ya mwisho ya mpango, na ilipokewa hivyo.

Kwa Ruffin na Kendricks wa The Temptations mambo yalikuwa machungu zaidi. Ruffin alifukuzwa 1968, akatoa albamu yake ya kwanza 1969, na wimbo wake "My Whole World Ended" ukaingia kumi bora. Kendricks aliondoka 1971 wakati "Just My Imagination", ambao sauti yake ndiyo inauongoza, ukiwa namba moja. Badala ya kumtakia heri, kundi lilitoa "Superstar", wimbo wa kuwakumbusha mastaa walikotoka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa unawalenga akina nani. Albamu yake ya kwanza, "All by Myself", haikutikisa chati ya jumla. Ilibidi afike 1973 na "Keep On Truckin'" ndipo akapanda namba moja. Wote wawili walibaki Motown, ambako mwimbaji alipewa wimbo, prodyuza na tarehe. Waliondoka kundini bila kuondoka kiwandani.

Pendergrass ndiye mwenye kisa kinachoniuma. Aliingia Harold Melvin & the Blue Notes kama mpiga ngoma, akawa ndiye sauti ya "If You Don't Know Me by Now" ya 1972, na mashabiki kwa maelfu wakaamini kwamba mtu wanayemsikia ndiye Harold Melvin, kwa kuwa jina ndilo lililokuwa mbele. Albamu yake ya 1977 ilitengenezwa na Kenny Gamble na Leon Huff, maprodyuza walewale wa Blue Notes, kwa lebo ileile ya Philadelphia International. Kimuziki haikubadilisha mengi, na haikuhitaji. Kazi yake ilikuwa kulirudisha jina kwa mwenye sauti, na watu waliinunua zaidi ya nakala milioni. Hapo nakubali kwamba mauzo yalikuwa hukumu ya haki.

Mayfield hakuwa na deni la kudai wala kiwanda cha kutoroka, na hilo ndilo lililomwachia nafasi ya kushughulika na muziki wenyewe. Jaladani yumo peke yake ndani ya suti ya njano, chini ya neno moja, "Curtis", bila jina la ukoo. Nadhani aliyekuwepo 1958, wakati lebo ya santuri ilipowagawanya marafiki, alijua anachofanya. Hakulichukua jina la kundi wala kulitia doa. Mwaka 1974 The Impressions, wakiwa na waongozaji wapya wa sauti, walipata namba moja ya R&B kwa "Finally Got Myself Together", na ilitoka Curtom.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi sasa, kwamba nguvu ya albamu ni okestra. Ivue violini ubaki na sauti dhaifu. Jibu lipo kwenye santuri. Mapema 1971 Mayfield alirekodi "Curtis/Live!" katika ukumbi mdogo wa Bitter End, New York, akiwa na wapigaji wanne tu: gitaa la pili, besi ya Joseph Scott aliyeitwa Lucky, ngoma, na konga za Master Henry Gibson. Hakuna shaba, hakuna kinubi. "We the People" inasimama, tena watu wanamwitikia kutoka kwenye viti vyao, na anazungumza nao katikati ya nyimbo kwa utaratibu wa mtu aliyeko sebuleni kwake. Ile sauti "dhaifu" inajaza ukumbi kwa kutosukuma.

Lililobaki ni la "Super Fly". Albamu hiyo ya filamu ya 1972 ilishika namba moja kwenye chati ya jumla, na tangu hapo waandishi wengi huanzia hapo wanapomsimulia Mayfield, wakiiweka "Curtis" kama zoezi la utangulizi. Nawapinga. Kila wanachokisifu katika "Super Fly" kilikuwa kimeshafanyika miaka miwili kabla: konga zinazojibu mahali pa waitikiaji, violini zinazotisha badala ya kubembeleza, maneno makali kwa sauti ya kunong'ona, huruma kwa mtu aliyekwama mtaani bila kumtetea anachokifanya. Filamu ilimpa hadithi ya kushikilia na wahusika wenye majina, na hadhira ambayo isingeingia dukani kununua santuri inayoanza na Kitabu cha Ufunuo. Mwaka 1970 hakuwa na hadithi ya mtu mwingine. Alikuwa na jiji lake na nyimbo nane, na bado alifika mahali hapohapo.